Kozi ya Madereva Walevi Inabebeshwa Mzigo Usio Wake

Tangu Julai 2024, kila gari jipya linalosajiliwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima liwe limeundwa kwa namna inayorahisisha kufungwa kifaa cha kupima pumzi, kile kinachozuia injini kuwaka mpaka dereva apulize na kuonekana hana pombe. Habari hiyo ilibadilika sura kadiri ilivyosambaa. Wengi wameielewa kana kwamba kifaa chenyewe tayari kimo ndani ya kila gari, wakati sheria inadai tu maandalizi ya kukiunganisha pale kitakapohitajika. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 2021, iliiagiza mamlaka yake ya usalama barabarani iandae kanuni ya teknolojia ya kumzuia dereva mlevi kwenye magari mapya. Kutokana na habari hizi mbili imezuka hoja kwamba kozi ya lazima kuhusu pombe, ile ambayo mahakama humwamuru aliyekamatwa akiendesha amelewa, imepitwa na wakati. Kama gari lenyewe litakataa kuwaka, kuna haja gani ya kumkalisha mtu mzima darasani kwa siku kadhaa aelezwe kwamba pombe ni mbaya?

Hoja hiyo inapotoka, na nadhani watetezi wengi wa kozi wanapotoka pamoja nayo. Kozi si adhabu nyepesi ya kumbembeleza mkosaji, na wala si dawa ya ulevi. Ina kazi mbili za wastani: kumpa dereva hesabu ambayo hana, na kumkutanisha na mtu mwenye ujuzi anayeweza kutambua ni nani kati ya waliokamatwa alikosea usiku mmoja na ni nani ambaye pombe imeshamtawala. Kazi hizo mbili hakuna mashine inayozifanya. Lakini kozi huharibika mara tu inapowekwa mahali pa adhabu ya kufungiwa leseni badala ya kwenda sambamba nayo, na huharibika zaidi cheti cha mahudhurio kinapopokewa kuwa uthibitisho kwamba mtu amebadilika.

Wazo la kumpeleka dereva mlevi darasani lilichelewa kuliko sheria zenyewe. Norway iliweka kikomo cha pombe kwenye damu ya dereva mwaka 1936, wakati Mswidi Erik Widmark alikuwa tayari ameonyesha jinsi ya kukadiria kiasi cha pombe mwilini kutokana na uzito, jinsia, kiasi alichokunywa mtu na saa zilizopita. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyewahi kuwa polisi katika jimbo la Indiana, alibuni kipima pumzi ambacho askari angeweza kukitumia kituoni, na Uingereza ikaingiza kipimo cha pumzi barabarani kwa sheria ya mwaka 1967. Kozi iliyokuja kuigwa sana ilianza Phoenix, Arizona, katikati ya miaka ya 1960, na katika muongo uliofuata ikaenea Marekani nzima. Leo sura zake ni nyingi. California humtaka mkosaji wa mara ya kwanza amalize mpango wa miezi mitatu, au tisa kama kipimo chake kilikuwa juu sana, na wa mara ya pili huendelea kwa miezi 18. Uingereza ilianza kwa majaribio mwaka 1993 na kuufanya mpango wake uwe wa kudumu mwaka 2000. Kule hakimu hutoa nafasi tu, na anayekubali na kumaliza saa zisizopungua 16 hupunguziwa hadi robo ya muda wa kufungiwa leseni. Wajerumani wana njia ngumu zaidi, nami nitairudia hapo chini.

Pingamizi linalosikika mara nyingi dhidi ya kozi ndilo dhaifu kuliko yote. Linasema kila dereva anajua kuwa pombe na usukani haviendani, kwa hiyo darasa humfundisha anachokijua, na punda ukimpeleka mtoni huwezi kumlazimisha kunywa maji. Ni kweli kila mtu anaijua kaulimbiu, ila kiasi ndicho watu hawakijui. Niliwahi kuruhusiwa kukaa nyuma ya darasa moja la aina hii. Mkufunzi alileta jagi la maji na glasi tupu, akawaomba waliohudhuria wamimine kile wanachokiita kinywaji kimoja cha mvinyo, kisha akayapima maji hayo kwa chupa yenye alama. Karibu wote walikuwa wamemimina zaidi ya walivyodhani, na mzee mmoja alikuwa amemimina karibu mara mbili. Hakuna aliyecheka. Walianza kuhesabu upya, kimyakimya na kwa vidole, usiku waliokamatwa.

Hesabu yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo moyo wa kozi nzuri. Chupa ya nusu lita ya bia yenye pombe asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe halisi. Kinachoitwa kinywaji kimoja kwenye miongozo ya afya ni gramu 8 Uingereza, 10 Ufaransa na Australia, 14 Marekani, kwa hiyo anayehesabu chupa anadhani amekunywa moja kumbe ni karibu moja na nusu hadi mbili na nusu, kutegemea nchi. Kisha kuna muda. Ini huondoa pombe kwa mwendo wake, kwa kawaida karibu gramu 0.15 kwa kila lita ya damu kwa saa, na haliharakishwi na kahawa, maji baridi, supu wala usingizi. Mtu aliyeacha kunywa saa sita usiku akiwa na gramu 1.6 kwa lita, akalala, akaamka na kuwasha gari saa moja asubuhi, bado ana takribani 0.55. Hajisikii kulewa. Ameoga, amekunywa chai, amevaa nguo safi za kazi, na bado amezidi kikomo cha 0.5 ambacho Shirika la Afya Duniani hukipendekeza kwa madereva wa kawaida. Kaulimbiu ya kutoendesha ukiwa umelewa haimgusi mtu huyu, kwa sababu kwa maoni yake alilewa jana. Anayesema madereva wanajua kila kitu na ajaribu kuuliza watu kumi waliokunywa jana wapige hesabu hii bila msaada.

Hata hivyo kujua hesabu si sawa na kuitii, na hapa ndipo watetezi wa kozi huvuka mpaka. Uchambuzi mkubwa unaotajwa mara nyingi, uliochapishwa mwaka 1995 na Elisabeth Wells-Parker na wenzake, ulikusanya tathmini zaidi ya 200 za mipango ya kuwarekebisha madereva walevi. Ulionyesha kwamba kwa wastani mipango hiyo ilipunguza kurudia kosa na ajali zinazohusiana na pombe kwa asilimia 7 hadi 9 ikilinganishwa na kutofanya lolote la aina hiyo. Wapinzani huitaja namba hiyo kwa dharau, na watetezi huikwepa. Mimi naiona ni ya kweli na ya heshima. Asilimia 8 ya makosa yasiyotokea, katika kosa linaloua watu, kwa gharama ambayo mara nyingi mkosaji mwenyewe huilipa, si kitu cha kutupwa. Lakini pia si namba ya kumfanya hakimu aache kumfungia mtu leseni. Uchambuzi huohuo ulionyesha kuwa mipango iliyofanya vizuri zaidi ilichanganya elimu, ushauri nasaha na ufuatiliaji baada ya darasa. Elimu ikibaki peke yake hupwaya.

Wastani huo unaficha jambo jingine. Tunapolinganisha waliomaliza kozi na wasiohudhuria, tunalinganisha watu wa aina mbili tofauti tangu mwanzo. Anayejiandikisha, akalipa ada, akafika kila siku kwa wakati na bila harufu ya pombe, tayari anaonyesha nidhamu ambayo wengine hawana. Katika nchi ambako kozi ni ya hiari tatizo hili ni kubwa zaidi, na takwimu nzuri zinazotangazwa kuhusu wahitimu zinapaswa kusomwa kwa jicho hilo. Sisemi kozi haifanyi kitu. Ninachosema ni kwamba sehemu ya sifa inayopewa ni ya wahudhuriaji wenyewe, na ndiyo maana ule wastani mdogo wa 1995 unaaminika kuliko tofauti kubwa zinazonadiwa kwenye matangazo.

Kuhusu leseni, somo lilikwisha kutolewa, na lilikuwa chungu. Katika miaka ya 1970 majimbo kadhaa ya Marekani yaliwaruhusu wakosaji waende darasani badala ya kufungiwa leseni. Ilionekana busara: mtu aendelee na kazi, alishe familia, ajifunze. Watafiti wa mamlaka ya magari ya California walipolinganisha, walikuta kwamba waliofungiwa leseni walipata ajali chache zaidi kuliko walioachiwa leseni kwa sharti la kuhudhuria mpango. Sababu haihitaji falsafa. Mtu asiye na leseni huendesha mara chache, na hata akiiba safari huendesha kwa tahadhari akiogopa kusimamishwa. Darasa haliwezi kushindana na hilo kwa kuwa halipunguzi kilomita. Utafiti wa baadaye wa mamlaka hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa mpango wa pombe na vikwazo vya leseni ndio uliohusiana na kurudia kosa kwa kiwango cha chini zaidi. Waliosoma matokeo hayo kama ushindi wa leseni dhidi ya darasa walisoma nusu tu.

Sasa turudi kwenye kifaa cha pumzi, maana ndicho kilichozua mjadala. Ushahidi wake ni mzuri sana kwa muda ambao kiko kwenye gari. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha upungufu wa wastani wa asilimia 67 wa kukamatwa tena, namba ambayo darasa lolote lingeitamani. Ila mapitio hayohayo yanasema faida ilitoweka kifaa kilipoondolewa, na watu wakarudi kufanana na wale ambao hawakuwahi kufungiwa kifaa. Hilo halipaswi kumshangaza mtu. Kifaa kinalizuia gari lisiwake na kinamwacha dereva na mazoea yake yaleyale, na wengi waliopewa nafasi ya kuchagua wamekikwepa kwa kudai hawana gari. Anayekiona kuwa mbadala wa kozi anasahau kwamba siku moja fundi atakuja kukifungua. Ubelgiji imelielewa hili: hakimu anapoamuru kifaa kifungwe, dereva hulazimika pia kufuata mpango wa usimamizi unaoambatana nacho. Rekodi za kifaa, yaani ni asubuhi ngapi gari lilikataa kuwaka na kwa kipimo gani, ni somo ambalo hakuna mkufunzi angeweza kulibuni. Dereva aliyekataliwa na gari lake mara tatu Jumatatu asubuhi hawezi tena kusema kwamba pombe ya jana ilishaisha.

Upande wa pili wapo wanaoona haya yote ni kudekeza. Kwao dawa ni jela, na jela ndefu. Naielewa hasira hiyo, hasa inapotoka kwa waliozika mtu. Lakini tangu kipimo cha pumzi kianze Uingereza mwaka 1967 tumekuwa na fundisho linalojirudia: vifo na majeruhi vilishuka kwa kasi mwanzoni, hasa katika saa za usiku ambazo watu hunywa, kisha faida ikafifia madereva walipogundua kuwa nafasi ya kukamatwa ni ndogo kuliko walivyohofia. Ukali wa sheria ulikuwa uleule. Kilichopungua ni uhakika wa kukamatwa. Mpango wa South Dakota ulioanza mwaka 2005 ulilitumia fundisho hilo vizuri, kwa kuwapima wakosaji pumzi mara mbili kila siku na kumtia ndani anayekutwa na pombe papo hapo, kwa siku moja au mbili tu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2013 ilikuta kukamatwa tena kwa kosa la kuendesha umelewa kulipungua kwa asilimia 12 katika ngazi ya wilaya, na kukamatwa kwa ugomvi wa majumbani kwa asilimia 9. Adhabu fupi na ya hakika imefanya kazi ambayo adhabu ndefu na ya bahati nasibu haikuifanya.

Mvuto wa kuwaaibisha wakosaji nao una matatizo yake. Marekani kuna vikao ambapo ndugu wa waliouawa husimama mbele ya madereva waliohukumiwa na kusimulia. Vina thamani kwa wanaosimulia, na mtu angependa kuamini vinabadilisha wanaosikiliza, lakini tathmini zake zimetoa matokeo ya kusuasua, baadhi zikikosa tofauti yoyote ya maana. William Miller, mwanasaikolojia aliyeeleza mwaka 1983 mbinu ya mazungumzo ya kumchochea mtu atoe sababu zake mwenyewe za kubadilika, alishiriki baadaye katika utafiti uliotoa jibu la kusumbua: kadiri mshauri alivyombana na kumshambulia mnywaji, ndivyo mnywaji huyo alivyoendelea kunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo darasa la kufokeana huenda likawa baya kuliko kutokuwa na darasa. Anayeandaa kozi kwa lengo la kuwaridhisha wanaotaka kuona wakosaji wakinyong'onyea anatumia fedha vibaya.

Kazi ya pili ya kozi, ile ya kuchuja, ndiyo inayonifanya nihofie zaidi mwelekeo wa sasa. Tangu janga la UVIKO-19 mwaka 2020, kozi nyingi zimehamia kwenye skrini, na sehemu nyingine zimebaki huko kwa sababu ni rahisi na nafuu. Kwa hesabu ya gramu na saa, skrini inatosha. Kwa kumtambua mtu, sivyo. Mkufunzi anayekaa na watu kumi na wawili ukumbini huona nani ametetemeka mikono saa tatu asubuhi, nani amekuja akinukia pombe ya jana, nani anatoka nje kila nusu saa. Vipo vyombo vya maswali, kama lile dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10 na alama hadi 40, ambapo alama 8 na kuendelea huashiria unywaji wenye hatari. Ni chombo kizuri hospitalini. Mbele ya mtu anayejua majibu yake yatamfikia hakimu, hugeuka mtihani wa kujibu kwa hila. Wakosaji hujipunguzia kiasi wanapoulizwa mwanzoni, jambo ambalo watafiti wamelithibitisha kwa kuwahoji upya miaka kadhaa baadaye, hofu ya mahakama ilipokwisha.

Wajerumani waliona mapema kwamba maneno peke yake hayatoshi. Kule, aliyekamatwa akiwa na gramu 1.6 au zaidi kwa kila kilo ya damu, au aliyerudia kosa, harudishiwi leseni mpaka apite uchunguzi wa kitabibu na kisaikolojia. Kuhudhuria hakutoshi. Huulizwa kwa undani kwa nini alikunywa kiasi kile na nini kimebadilika katika maisha yake, na mara nyingi hutakiwa kuleta ushahidi wa miezi sita au kumi na miwili bila pombe, kwa vipimo vya mkojo au nywele. Raia huuita kwa kejeli mtihani wa wajinga, na malalamiko yao kuhusu gharama yake yana msingi: umezalisha biashara nzima ya maandalizi ya kulipia, na mwenye pesa hujiandaa vizuri kuliko asiyenazo. Pamoja na dosari hiyo, una jambo moja ambalo kozi nyingi hazina. Unaweza kufeli.

Ada si suala la pembeni. Pale mkosaji anapojilipia, kama ilivyo Uingereza ambako kozi inaweza kufikia pauni 250, anayelipa kwa urahisi hupata punguzo la kifungo cha leseni na asiyeweza hutumikia muda wote. Ni punguzo la adhabu linalouzwa, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Nchi inayoanzisha kozi leo ingefanya vizuri kupanga ada kwa kipato cha mtu, kama baadhi ya nchi zinavyopanga faini.

Nchi hiyo ingefanya vizuri pia kuamua kozi inakaa wapi kwenye kalenda ya adhabu. Ikihudhuriwa katika wiki za mwisho kabla ya leseni kurudi, huwa ni foleni ya kuchukua cheti. Ikihudhuriwa mapema, leseni ikiwa bado imefungwa, mkufunzi ana miezi ya kumwita tena yule aliyemtilia shaka, kumpeleka kwa daktari, na kupendekeza kifaa cha pumzi pale tu kinapohitajika badala ya kukisambaza kwa kila mtu. Kifaa kikifungwa, rekodi zake zifike kwa mshauri na si kwa mamlaka ya leseni peke yake, na tarehe ya kukiondoa itegemee rekodi hizo: miezi kadhaa mfululizo bila gari kukataa kuwaka, kisha mazungumzo ya mwisho ana kwa ana kabla fundi hajakifungua.